Ishara Isiyotoka kwenye Pete

Jumatatu, 3 Machi. Bwera
Nimemfunga Mama kidonda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji ya chumvi, dawa, chachi, bandeji. Mwezi wa kumi sasa tangu nirudi kutoka Ulaya kumuuguza, na kidonda cha sukari hakina haraka. Mama hautazami mguu nikimfunga. Anatazama ukuta.

Kisha Kasese, vipindi viwili vya kemia kidato cha tano. Kisha kurudi. Vumbi hadi kwenye meno.

Tasnifu: sura ya nne bado haina viambatisho. Nimefungua kompyuta, nimeitazama, nimeifunga.

Neema, wa maabara yetu ya Ulaya, ametuma ujumbe tena. Amejaribu mara ya nne kurudia jaribio langu na hapati kitu. Mstari mlalo, hakuna ishara. Nimemjibu kama nilivyomjibu mara tatu zilizopita: safisha zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Siku ya soko Mpondwe, mpakani. Mama amekaa mlangoni tangu asubuhi akiwatazama wanawake wa Butembo, ng'ambo ya Kongo, wakipita na mafurushi ya vitenge. Miaka kumi na minane aliuza maharage pale. Wanamsalimia kwa Kinande, anawajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Wote anawaambia kwamba Septemba binti yake anarudi Ulaya, amepewa kazi ya utafiti, miaka miwili, si mwanafunzi tena. Nimemsikia mara sita leo.

Nimechoka hata kufurahi.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimewafundisha kitu kisichokuwa kwenye silabasi. Nilitaka niamke mwenyewe.

Nilikata pete nne kutoka kwenye dumu bovu la plastiki na kuchora mshale kwenye kila moja. Nikapitisha pete moja ndani ya nyingine zikashikana kama mnyororo. Pete moja peke yake, hata ikiwa na mshale, haina kulia wala kushoto. Ukiipindua inakuwa ileile. Lakini mbili zikishikana, jozi inapata mkono, wa kulia au wa kushoto. Nikashikanisha jozi ya pili, safari hii mshale mmoja umeelekea kinyume. Nikawaambia wazilinganishe. Wamezizungusha, wamezipindua, wameziweka juu ya meza na chini ya meza. Hazilingani. Ni kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Darasa zima lilikuwa limesimama. Sijaona hivyo tangu nianze pale.

Nikawaeleza kwamba kuna molekuli za namna hiyo, na kwamba nimeshinda miaka minne nikizitengeneza. Ukiziacha zishikane zenyewe, nusu zinatoka za kulia na nusu za kushoto. Kazi yangu ilikuwa kuzilazimisha zote ziwe za mkono mmoja. Nilitumia kielekezi, molekuli ndogo yenye mkono wake tayari, ambayo inazisukuma pete zipite upande mmoja. Pete zikishashikana, kielekezi kinaondolewa. Kisha mashine ya mwanga inakuambia umepata mkono gani.

Biira akanyoosha kidole. Binti wa Rukoki, mkimya, hukaa safu ya mwisho. Akauliza: "Madam, hicho kielekezi nacho si kina mkono? Kikibaki kidogo tu, mashine itajuaje inaona nini?"

Nikasema kinaoshwa chote. Nikaendelea na somo.

Kinaoshwa chote. Niliosha mara moja.

Ijumaa, 7 Machi
Hakuna umeme. Betri ya kompyuta imekufa. Nimefurahi kwamba kompyuta haifunguki, nimeona aibu kwa kufurahi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa umeme umerudi. Nimefungua mafaili ya zamani.

Iko pale. Kwenye mchoro wa mashine inayoonyesha atomu za hidrojeni, pembeni, kijinundu kidogo. Juu yake nimeandika kwa mkono wangu: kiyeyushi. Nimeangalia jedwali. Kiyeyushi, kimiminika tulichoyeyushia pete, hakikai mahali pale wala karibu na pale. Nimechukua mchoro wa kielekezi kitupu na kuuweka juu ya huu. Kijinundu kimelala juu ya kijinundu.

Kwa hiyo ishara ile nzuri, ile ambayo Profesa, msimamizi wangu, aliichapa na kuibandika mlangoni kwake, huenda haikutoka kwenye pete kabisa. Huenda ilikuwa ya masalia ya kielekezi.

Nilikuwa na kinga moja. Nilipotumia kielekezi cha mkono wa pili, ishara iligeuka kinyume. Profesa alisema huo ndio ushahidi wenyewe. Lakini masalia ya mkono wa pili nayo yangegeuka. Mbona hatukuliona hilo, watu wazima sita mezani?

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Siku ile ya kupima nilikiona kile kijinundu. Simu ilikuwa imetoka nyumbani asubuhi kwamba Mama ameanguka sokoni. Nilikuwa nimeshanunua tiketi. Nilitaka jambo liishe. Nilikiona, nikataka kiwe kiyeyushi, nikaandika kiyeyushi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefundisha vibaya. Kasese joto kama tanuri. Biira alinisalimia, nikaangalia chini.

Jumatano, 12 Machi
Nimekaa siku mbili na jambo hili na halijapungua uzito.

Neema. Sijawahi kumwandika vizuri humu. Ni Mtanzania, wa Mbeya, alikuja maabara nikiwa mwaka wa nne. Hata Kiswahili hiki ninachoandika ni chake. Mimi nilikuja na kile cha Butembo, yeye akanirekebisha ngeli moja moja huku tukiosha chupa, hadi nikakiona kuwa changu. Mradi wake wote umejengwa juu ya makala yangu. Hatua ya kwanza: rudia alichofanya Kavira, yaani mimi. Ameshindwa kuirudia miezi minane. Mwezi uliopita Profesa alimwambia mbele ya kundi zima kwamba kuna watu wana mikono ya maabara na kuna watu hawana. Mwanzo wa Aprili wanamkalia kikao cha tathmini ya mwaka wa kwanza. Akishindwa, anarudi nyumbani.

Na mimi nimekuwa nikimwambia safisha zaidi. Na yeye, kwa utii wake wote, amesafisha zaidi. Kila akisafisha ishara inapotea. Akilia, nasema safisha.

Leo nimemwandikia. Kwenye friji ya chini, rafu ya pili, kuna kichupa cha pete zilezile, chenye mwandiko wangu. Chukua nusu. Kipime kama kilivyo. Kioshe mara tatu, ukipime kila baada ya kuosha. Sikumwambia kwa nini. Akajibu: "Sawa dada." Na uso wa kucheka.

Alhamisi, 13 Machi
Kliniki na Mama. Tumesubiri tangu saa mbili hadi saa nane. Sista amebonyeza kidonda, amesema kinapona kwa chini. Mama akauliza kwa Kiswahili: "Septemba nitakuwa natembea? Huyu mutoto iko na safari." Sista akasema tutaona. Wote wawili wakanitazama kama vile mimi ndiye mwenye jibu.

Jumamosi, 15 Machi
Neema kimya. Nimefua mashuka. Nimechambua maharage. Nimesahihisha madaftari arobaini. Ninatazama simu kama mtu anayesubiri habari ya msiba.

Jumanne, 18 Machi
Amepiga saa saba mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba, mtandao unashika vizuri pale karibu na migomba. Hakunisalimia vizuri.

"Dada, nimekutumia. Umeona?"

Nikasema bado. Akasema haidhuru, atanieleza. Kichupa kama kilivyo: ishara ileile ya kwenye makala. Kuosha mara ya kwanza, imebaki theluthi. Mara ya pili, alama tu. Mara ya tatu, mstari mlalo.

"Nikadhani nimezimwaga pete," akasema. "Nikapima uzito. Pete zipo zote dada, zimeshikana, hazijaenda popote. Ila hazina mkono. Ni nusu kwa nusu."

Nikasikia mashine za kule zikinguruma nyuma yake, sauti niliyoizoea.

Halafu akasema kitu ambacho sitakisahau. "Kwa hiyo si mikono yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Nikasema si mikono yako, Neema. Ni yangu. Akauliza kama nilijua. Nikasema sikujua, lakini niliona kitu na sikutaka kukijua. Akasema: "Wewe una kazi ya Septemba. Una mama. Mimi siwezi kukuamulia. Ukinyamaza, sitasema kwa mtu."

Afadhali angenitukana.

Jumatano, 19 Machi
Sikwenda shule. Nimesema naumwa, na si uongo.

Nimemwambia Mama. Kosa la pili hilo, pengine. Nimemweleza hivi: nilisema nimepata kitu, wakaniamini, wakanipa kazi kwa ajili yake, sasa nimegundua sikukipata. Nataka kuwaandikia.

Alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Aliniuliza swali moja tu kwanza. "Beko wangapi benye banajua?"

Wawili. Mimi na Neema.

"Na huyo Neema atasema?"

Hatasema.

"Basi mutu gani amekuuliza?" Akapandisha sauti. "Mutu gani? Weye unaenda kujichoma na moto yako mwenyewe. Miaka yote ile. Baba yako alikufa kule Beni akisema huyu atasoma. Mimi nimebeba magunia na hii mugongo. Sasa juu ya alama moja ya karatasi, unaniambia umekosea? Kila mutu anakosea! Nyamaza, uende, ukifika kule utatengeneza."

Nikamwambia kuna msichana atafukuzwa kwa sababu yangu.

"Iko na mama yake huyo musichana?"

Anaye.

"Basi mama yake amulilie. Mimi nakulilia weye."

Akageukia ukuta. Nimemfunga kidonda akiwa amegeuka hivyo. Bandeji ikalegea, nikaanza upya.

Nina hasira naye. Nina hasira kwa sababu kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua. Mlima umefunikwa wote. Nimeandika barua mara nne. Ya kwanza ilikuwa na sababu nyingi: simu, tiketi, Mama kuanguka. Nimezifuta sababu. Ilibaki nusu ukurasa.

Ijumaa, 21 Machi. Kasese
Nimetuma. Saa nne na dakika kumi, chumba cha walimu, mwalimu wa jiografia akila muhogo pembeni yangu. Nimeambatisha michoro yote minne ya Neema na ule wangu wa zamani, wenye neno kiyeyushi, nikalizungushia duara. Nimeandika kwamba nilikiona kijinundu na nikakiita jina lisilo lake. Nimeandika kwamba kazi ya Neema ya miezi minane ni sahihi yote, na kwamba ndiyo iliyoonyesha kosa. Nimeomba makala iondolewe.

Baada ya kubonyeza nilisubiri kusikia kitu ndani yangu. Sikusikia. Njaa tu. Nimenunua samaki wa kukaanga wa Kasenyi nikala nimesimama.

Jumatatu, 24 Machi
Hakuna jibu. Mama haongei nami zaidi ya maji, chai, dirisha.

Nimemwambia Biira baada ya kipindi kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa baya. Alidhani namkemea. Ilibidi nirudie. Nikamwambia masalia yalibaki, mashine iliyaona hayo, mimi nikasema imeziona pete. Akafikiri. Akauliza: "Sasa wewe utafanywa nini, Madam?" Nikasema sijui bado. Akaniambia pole, kama tunavyomwambia mtu aliyejikwaa.

Jumatano, 26 Machi
Profesa amepiga. Video, saa tisa alasiri. Amezeeka au ni mwanga wa kule.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alisema amerudia vipimo yeye mwenyewe kwa siku mbili, kwa mikono yake, kitu ambacho hajafanya kwa miaka mingi. Neema yuko sahihi. Makala itaondolewa, ataandika taarifa, majina yetu sote yatakuwa chini. Alisema yeye pia alipaswa kukiona kile kijinundu. Alisema alitaka matokeo yale kama nilivyoyataka mimi. Kisha akasema lililobaki: maabara ya Septemba wameshaarifiwa, ni wajibu wake, na wameifuta nafasi. Sura ya nne itolewe au iandikwe upya. Utetezi wa tasnifu si mwaka huu.

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa upole.

Nilimwomba jambo moja. Alichomwambia Neema mbele ya kundi, akakifute mbele ya kundi hilohilo. Akasema: nitafanya.

Nimetoka nyuma ya nyumba nikakaa juu ya jiwe la kufulia. Nimelia kidogo. Sina nguvu za kulia sana.

Alhamisi, 27 Machi
Nimemwambia Mama kwamba Septemba haipo. Akasema: "Nilikuambia." Akafunga macho. Baadaye nimemsikia kupitia ukuta akisali rozari kwa Kinande, jina langu katikati.

Jumamosi, 29 Machi
Jirani aliuliza kuhusu safari yangu. Mama akasema imeahirishwa. Ni uongo wa kunistiri. Nimeuacha.

Siku kama hizi najuta. Naandika wazi: najuta. Sijuti kuosha vibaya tu, najuta kutuma barua. Nawaza: Neema angerudi Mbeya, angepata kazi ya ualimu, maisha yangeendelea. Kisha nakumbuka alivyosema si mikono yangu, na majuto yanageuka upande. Lakini hayaondoki. Yanakaa yote mawili.

Jumatano, 2 Aprili
Kikao cha Neema kilikuwa leo. Amepita. Sauti yake kwenye simu ilikuwa juu, maneno yakikanyagana. Profesa alisimama mwanzoni, akasema mbele ya wote kwamba aliikosea kazi yake, na kwamba daftari la Neema ndilo safi kuliko yote kwenye maabara. Wamempa mradi mpya: kutafuta kielekezi kingine, kitakachofanya kazi kweli.

Akaniuliza: "Dada, utanisaidia kufikiri? Kwa simu tu." Nikasema nitasaidia. Tumeongea saa nzima juu ya pete, kama zamani. Alinirekebisha ngeli mara moja. Kisha salio likaisha.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimeomba shule wanipe siku zote tano za wiki. Wamekubali. Mkuu wa shule alifurahi, walimu wa kemia ni wachache. Hakuuliza kwa nini.

Nimechoka mpaka kwenye kucha.

Alhamisi, 10 Aprili. Bwera
Taarifa imetoka leo kwenye ukurasa wa jarida. Nimeisoma kwenye simu wakati wa mapumziko. Mistari minane. Jina langu ndilo la kwanza kabisa. Nimeisoma mara mbili, nimeweka simu mfukoni, nimekwenda kufundisha asidi na besi.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Mama alikuwa ametoka mwenyewe hadi barazani na fimbo, hatua kumi na mbili, alizihesabu. Tumekaa. Mawingu yamepanda kidogo, mlima umeonekana hadi shingoni.

Halafu akauliza, bila kunitazama: "Hizo pete zako. Zenyewe ziko? Ama nayo ilikuwa bongo, ulibadanganya?"

Nikasema ziko, Mama. Zimeshikana kweli. Hilo hakuna aliyelikosea.

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi," akasema. Akanyoosha mguu nimfungue bandeji.